Nisemeje mkutanoni wakati njia ya umeme yenyewe bado haijaamuliwa?

Swali: Shikamoo Mhandisi. Mimi ni afisa maendeleo ya jamii katika mradi wa njia kubwa ya umeme unaopita vijiji kadhaa vya Mkoa wa Njombe. Vijiji viwili vimewazuia wathamini kuingia mashambani, na katika kimoja wazee wamesema hadharani kwamba mradi wenyewe hawautaki kabisa. Kinachonipa shida zaidi ni kwamba kipande cha kilomita 14 bado kinaweza kuhamishwa, na fedha za fidia hazijatoka. Mkuu wangu anataka niwaambie wananchi kwamba kila kitu kimekamilika na kazi itaanza mara mvua zikikatika. Mkutano ni wiki ijayo. Nisemeje ili watu wakubali?

Jibu: Marahaba. Kwanza kabisa, hilo alilokutuma mkuu wako usiliseme, na nitaeleza baadaye namna ya kumrudishia bila kumvunjia heshima. Umeuliza namna ya kusema, lakini ugumu wako umeanzia mbali zaidi, kwenye mpangilio wa maamuzi ya mradi wenyewe. Watu wengi wanaoonekana kuupinga mradi wa namna hii wanachokataa hasa ni kubebeshwa peke yao mashaka ambayo ni ya mradi. Mfadhili ambaye hajasaini humwambia mwenye mradi asubiri. Mwenye mradi humwambia mkandarasi asubiri, lakini mkandarasi ana mkataba unaomruhusu kudai malipo kwa kila siku ambayo mitambo yake imesimama bila kosa lake. Mwisho mwanakijiji naye huambiwa asubiri, na yeye hana mkataba wala malipo ya kusubiri. Mashaka yameteremka ngazi kwa ngazi hadi yakamkuta asiye na mahali pa kuyashushia, na akifunga njia kwa magogo tunamwita mpinga maendeleo.

Nalisema hili kwa sababu nimewahi kulifanya mimi mwenyewe. Katika mradi mmoja wa njia ya umeme ambao sitautaja, nilisimama mbele ya ofisi ya kijiji nikatangaza kwamba fidia italipwa ndani ya miezi mitatu na kwamba kuanzia siku hiyo mtu asiendeleze kitu ndani ya mkuza, yaani ule ukanda wa ardhi unaopitiwa na njia ya umeme. Sikukusudia kudanganya; nilikuwa nimeambiwa hivyo na mtu ambaye naye alikuwa ameambiwa hivyo. Misimu miwili ya mvua ikapita. Niliporudi, mzee mmoja alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba yake, ambako miche ya parachichi iliyobebeshwa, themanini na kitu, ilikuwa bado imo kwenye viriba. Mizizi ilikuwa imetoboa nailoni na kuingia ardhini, na kila baada ya miezi michache alikuwa akiinyanyua, akiikata mizizi kwa panga na kuisogeza hatua mbili, ili isijipande yenyewe mahali pasipo pake. Aliniuliza swali moja tu, "Mhandisi, niipande au nisiipande?" nami nikamjibu kwa lile neno letu, "Subiri kidogo, mzee." Mche uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, kwa hiyo alikuwa amekwisha kupoteza nusu ya safari hiyo, na hakuna jedwali la fidia lililokuwa na nafasi ya hasara yake, kwa maana katika daftari la mthamini mti ambao haukupandwa haupo. Msimu uliofuata kijiji kile ndicho kilichotuzuia kwanza, na nilielewa kwa nini.

Sheria inamlinda mwananchi zaidi baada ya uthamini kuliko kabla yake, na ni vyema ulijue pengo hilo kabla hujasimama mbele ya watu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe mapema. Kanuni za mwaka 2001 zinataja mafungu yake, yaani thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, gharama za usafiri, posho ya makazi inayohesabiwa kwa pango la miezi 36, na faida ya biashara inayopotea. Na malipo yakichelewa kupita miezi sita, riba huanza kuhesabiwa. Yote hayo ni mazuri. Lakini mtu aliyezuiwa kupanda kwa tetesi, kwa alama ya rangi kwenye mti, au kwa kauli ya ofisa mkutanoni, wakati uthamini wake haujafanyika, hana cha kudai popote. Ndiyo maana nakushauri, kwa uzito wote nilio nao, tarehe ya ukomo, yaani siku ambayo kitakachojengwa au kupandwa baada yake hakitafidiwa, isitangazwe katika zile kilomita 14 hadi njia iamuliwe na fedha ya kipande hicho ijulikane iliko. Najua utajibiwa kwamba bila ukomo watu watajenga vibanda vya fidia na kusimika miche usiku. Wapo watakaofanya hivyo. Dawa yake ni picha za anga zenye tarehe na orodha ya kaya iliyosainiwa na serikali ya kijiji, na gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kusimamisha uchumi wa vitongoji kadhaa kwa muda usiojulikana.

Usisahau pia kwamba hao unaoenda kuzungumza nao hawaanzi na wewe. Wana ndugu Mbeya, Uyole na Tunduma, na wameziona nyumba zenye X kando ya barabara kuu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake zilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Nyumba iliyomo ndani ya hifadhi ya zamani ilipigwa X nyekundu, maana yake ibomolewe bila fidia, na iliyomo katika mita 7.5 zilizoongezwa ikapigwa X ya kijani, maana yake mwenyewe atalipwa siku eneo litakapohitajika. Siku hiyo haikutajwa. Mwenye X ya kijani hana uhakika kama apake rangi ukuta au aongeze chumba, na akitaka kuuza, mnunuzi akiiona ile alama anashusha bei au anaondoka. Kwa hiyo unaposema "mtalipwa", wanaokusikiliza wanaiona rangi ya kijani.

Sasa tuje kwa hao waliowazuia wathamini, kwa sababu hapo ndipo penye faida ambayo miradi mingi huitupa. Kabla ya mkutano, nenda kwenye vitongoji vinavyokataa bila gari lenye nembo, uongozane na mtendaji wa kijiji, uulize kitu kimoja: ramani yetu imekosea wapi? Katika mradi ule wangu, kelele kubwa zilitoka kitongoji kimoja cha bondeni ambacho kwenye ramani kilionekana hakina kitu. Tulidhani wamechochewa na mtu. Baada ya siku nzima ya kutembea na akina mama wa pale ndipo tulipogundua kwamba wathamini wetu walipita mwezi Machi, wakati bonde limejaa maji, wakaandika "eneo oevu, halina zao". Ukirudi bonde lile lile Julai unakuta vinyungu, matuta ya mahindi mabichi, maharage na mboga yanayolimwa kwa unyevu uliobaki, na ndiyo yanayolipa ada za shule Januari. Anayeijua Iringa na Njombe hahitaji kuelezwa kinyungu ni nini. Wataalamu wetu walitoka mbali na walikuja msimu mbaya. Uthamini ulirudiwa, na kitongoji kile hakikutusumbua tena. Kama tungalipeleka polisi, tungalipata njia lakini tusingalijua kamwe kosa letu.

Mfano mkubwa zaidi wa jambo lisilojulikana kujitokeza baada ya zege kumwagwa uko jirani, Kihansi, pale mto unaotoka nyanda za Mufindi unapoporomoka ukingoni mwa milima ya Udzungwa. Mtambo wa umeme wa maji wa megawati 180 ulikuwa tayari unajengwa wakati watafiti walipomgundua, mwaka 1996, chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyefika urefu wa kidole gumba, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, na ambaye hakuonekana mahali pengine popote duniani isipokuwa kwenye hekta chache zinazolowanishwa na vinyunyu vya maporomoko yale. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, vinyunyu vikakoma kwa sehemu kubwa. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani kuhifadhiwa. Korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji. Hata hivyo idadi iliyobaki iliporomoka ghafla mwaka 2003, kukiwa na dalili za ugonjwa wa ukungu, na mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Kundi la kwanza lilirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni. Wengi wetu wahandisi tuliwacheka vyura wale, na tuliokuwa tukicheka tulikuwa tunakwepa swali la kihandisi lililokuwa wazi: kwa nini hakuna aliyepanda kulichunguza korongo kabla ya kuamua maji yaende wapi? Wakati ule kutenga maji kidogo kungekuwa mstari mmoja kwenye mchoro. Baadaye ilibidi kujenga mfumo mzima na kuwatunza viumbe ng'ambo ya bahari kwa miaka kumi.

Kutoka hapo nilijifunza kupanga kazi kwa swali la "hili likikosewa linarudishika?" Kuchora njia kunarudishika, na kupiga vigingi vilevile. Kukata shamba la misindano ya miaka kumi na mbili, au kuhamisha kaburi, hakurudishiki. Basi yasiyorudishika yawekwe mwisho kabisa, baada ya fedha kuingia na malalamiko kusikilizwa, hata kama mkandarasi anakuonyesha kwamba mashine yake ya kukatia miti ipo na haina kazi.

Pengine utaambiwa kwamba ushirikishwaji huu wote ni anasa ya nchi tajiri. Huko nako wamelipia somo hili. Stuttgart, Ujerumani, mradi wa kuishusha stesheni kuu ya reli chini ya ardhi ulitangazwa mwaka 1994, na ujenzi ulipoanza mwaka 2010 maelfu ya watu wakaingia barabarani. Tarehe 30 Septemba mwaka huo polisi walitumia maji ya kurusha kwa nguvu dhidi ya watu waliokuwa wakizuia miti isikatwe, watu zaidi ya mia wakaumia, na miaka mitano baadaye mahakama ikaamua kwamba hatua ile ilikuwa kinyume cha sheria. Ni baada ya hapo ndipo mwanasiasa mzee, Heiner Geißler, alipowakalisha wahandisi na wapinzani meza moja, michoro na hesabu zikajadiliwa hadharani kwenye televisheni kwa wiki kadhaa. Mwaka 2011 ikapigwa kura, na karibu asilimia 59 wakakataa mradi usitishwe. Ungesema wameshinda. Lakini kura ile ilipigwa watu wakiwa wameambiwa gharama ni euro bilioni 4.5, na kufikia mwaka 2013 kampuni ya reli ilikuwa imekubali bilioni 6.5, sasa zimepita 11. Watu walikubaliana na namba ambayo haikudumu, na tangu hapo kila neno la mradi limesikilizwa kwa jicho la pembeni.

Kwa hiyo jihadhari na namba moja iliyonyooka, iwe ya fedha au ya muda. Mtafiti Bent Flyvbjerg na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2002 kuhusu miradi 258 ya usafiri katika nchi 20, walikuta miradi tisa kati ya kumi imezidi makadirio ya gharama, reli kwa wastani wa asilimia 45 na barabara asilimia 20. Alichopendekeza baadaye ni rahisi kukieleza: usikadirie kwa kuutazama mradi wako tu, kwani kila mradi hujiona wa pekee, tafuta iliyokwisha inayofanana nao, uone ilichukua muda gani hasa. Nawe fanya hivyo wiki hii. Waulize wenzako waliofanya kazi kwenye njia za umeme zilizokamilika katika nyanda hizi ilichukua miezi mingapi kutoka uthamini hadi malipo ya mwisho. Utapata majibu matatu au manne yanayotofautiana, na tofauti hiyo ndiyo utakayowapa wananchi: "penginepo ilichukua miezi kadhaa, penginepo zaidi ya mwaka, sisi tunatarajia kuwa katikati, na sababu zinazoweza kutuchelewesha ni hizi." Usidhani watashangaa. Mkulima wa Njombe anayepanda kwa mvua za Novemba hakuulizi zitanyesha tarehe ngapi. Anajua zinaweza kuchelewa, na anajua mbegu ipi aifanye nini zikichelewa. Ukimpa kadirio lenye kingo mbili atalifanyia kazi.

Siku ya mkutano, basi, ningekushauri useme maneno yanayokaribia haya, kwa kauli yako mwenyewe: "Kamweneni. Nimekuja na mambo ya aina tatu. La kwanza limeamuliwa: njia itapita kijiji hiki, kutoka kigingi hiki hadi kile, na ramani hii hapa nitaiacha ofisini kwa mtendaji. La pili halijaamuliwa: kipande cha bondeni kinaweza kupita juu au chini ya mto, na atakayeamua ni fulani, na mna nafasi ya kutoa hoja zenu hadi tarehe fulani. La tatu silijui mimi wala mkuu wangu, nalo ni siku fedha ya fidia itakapoingia. Hadi hapo hakuna mti utakaokatwa. Nitarudi Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, hata kama sina jipya." Hayo maneno ya mwisho ndiyo utakayopimwa nayo. Ikifika ziara ya tatu ukiwa huna jipya, utaona aibu na utatamani kumpigia tu simu mwenyekiti; hata hivyo nenda. Nami nilikwenda hivyo, baada ya kosa langu la kwanza, na nilipokiri kwamba sina habari watu walicheka, kisha wakaniuliza kuhusu transfoma ya zahanati, ambayo angalau niliweza kuifuatilia.

Uandae pia jibu la kiufundi, kwa sababu utaulizwa kwa nini njia isipinde kidogo kuikwepa nyumba ya fulani. Waambie ukweli ulivyo: waya hukaza kama kamba ya kuanikia nguo, na pale unapokata kona unavuta mnara upande mmoja, hivyo mnara wa kona huhitaji chuma kingi na msingi mzito kuliko wa kawaida, na ukiuhamisha mmoja umebadilisha mapito ya pande zote mbili. Maana yake inawezekana kupinda, ila kila kona ina bei. Chora chini kwa kijiti wote waone. Wakishajua bei ya kona, mjadala hugeuka kutoka "mnatuonea" na kuwa "kona moja mtupe tuiweke wapi", na nimeshuhudia kijiji kikiichagua ikwepe makaburi badala ya nyumba ya mwenyekiti.

Kuhusu wazee wasioutaka mradi kabisa, usiwachanganye na wanaogombea bei. Waendee nyumbani, ukae, uulize kilichopo kwenye ardhi ile. Kuhamisha makaburi kuna sheria yake ya mwaka 1969, lakini sheria haitakueleza nani wa kuanza kuzungumza na nani, wala tambiko ligharamiwe na nani. Hilo ni la ukoo. Ikiwa baada ya kuzungumza bado wanakataa, andika hoja yao kama walivyoisema, bila kuipamba wala kuidogosha, na uipeleke kwa anayeamua njia ya zile kilomita 14. Wana haki ya kushindwa kwa hoja, na wana haki ya kushinda pia.

Hatimaye mkuu wako. Usibishane naye kwa mdomo. Mwandikie ukurasa mmoja kabla ya mkutano, umweleze kwamba fedha haijathibitishwa na kipande hakijaamuliwa, hivyo kauli ya "kila kitu kimekamilika" itakuwa kwenye muhtasari wa kijiji uliosainiwa na kugongwa muhuri, na siku malalamiko yatakapofika kwa Mkuu wa Wilaya au kwa mfadhili, muhtasari huo ndio utakaosomwa. Umwekee chini yake maneno unayokusudia kuyasema wewe, umwombe ayarekebishe. Wakuu wengi hawapendi kuambiwa hapana, lakini wakipewa kalamu huwa wanasahihisha. Akikataa hata hilo, mwombe aje mkutanoni aseme mwenyewe, nawe uandike muhtasari.